Mgeni Asipokuja

Wazee wetu wa Pwani walituachia methali isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake ya kwanza yajulikana na kila mtoto: siku aingiapo mgeni nyumbani, kuku huchinjwa na nazi hukunwa, na wenyeji nao hushiba kwa sababu yake. Lakini methali hii ina maana ya pili, nayo ni ya watu wa biashara. Wako watu ambao riziki yao huja pamoja na mgeni. Akija hula, na asipokuja hulala na njaa. Mwaka 2020 maradhi ya Korona yaliipindua methali hii juu chini. Mgeni alikatazwa kuja, na mwenyeji aliambiwa kwamba kupona kwake ni mgeni kukaa mbali.

Katika insha hii nataka kueleza mambo yaliyowapata wenye nyumba za wageni katika mji wa Lamu wakati ule, njia ambazo watu wa kazi hiyo walizitumia ili waishi, na swali moja gumu lililozuka: hasara inapoletwa na jambo ambalo hakuna aliyelitaka, ni nani apaswaye kuibeba? Lakini kazi ya kulaza wageni si kazi ya jana katika pwani yetu. Ili tuielewe hasara ya 2020, yatupasa turudi nyuma kidogo na kuona jinsi kazi yenyewe ilivyoanza.

Mwaka 1331 msafiri mashuhuri wa Morocco, Ibn Battuta, alishuka katika bandari ya Mogadishu. Aliona huko desturi iliyomstaajabisha. Jahazi lilipotia nanga, vijana wa mji walilikaribia kwa mashua ndogo, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanya biashara mmoja sahani ile na kusema kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu saa hiyo mfanya biashara alikwenda kukaa katika nyumba ya mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemwuzia mali yake na kumnunulia nyingine. Mtu aliyenunua kitu kwa mgeni kwa bei ya chini mno, au aliyemwuzia kitu bila mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Baada ya hapo Ibn Battuta aliendelea na safari yake mpaka Mombasa na Kilwa.

Tazama jinsi mambo yalivyopangwa. Mwenyeji hakutoza kodi ya kila usiku kama ilivyo desturi ya siku hizi, bali faida yake ilikuwa katika biashara ya mgeni wake. Walakini kanuni ilikuwa ile ile: mwenyeji alitoa mlango, kitanda, chakula na ulinzi; mgeni alileta riziki. Tena kila mmoja alikuwa na haki yake, na mji mzima uliilinda haki hiyo.

Katika Lamu desturi hii iliacha alama hata katika ujenzi wa nyumba. Nyumba kongwe za mawe ya matumbawe zina daka, yaani baraza ya mlangoni ambapo mwenye nyumba hukutana na watu wa nje. Nyingi zina pia chumba cha wageni, ambacho wenyeji hukiita sabule, kilichotengwa na vyumba vya ndani ili mgeni apate faragha yake na jamaa wa nyumba wapate yao. Mjenzi aliyeweka sabule katika nyumba alijua, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kwamba wageni watakuja.

Alijua pia kwamba hawatakuja mwaka mzima. Pepo za Bahari ya Hindi ndizo zilizopanga kalenda ya Pwani. Upepo wa kaskazi, uvumao tangu karibu na Desemba mpaka Machi, ulileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Upepo wa kusi uliyarudisha kwao. Kwa hiyo mwenyeji alikuwa na miezi ya kupokea na miezi ya kungoja. Alichopata wakati wa kaskazi hakikuwa chote cha kuliwa wakati wa kaskazi. Sehemu yake ilikuwa chakula cha miezi ya upweke, na sehemu nyingine ilikuwa chokaa ya ukuta na boriti za dari. Mtu aliyesahau jambo hili alikumbushwa na kusi kila mwaka.

Hivyo ndivyo mwenyeji alivyokuwa na mgeni wake. Lakini njia iletayo mgeni na bidhaa yaweza kuleta maradhi pia, na miji ya biashara imelijua jambo hili kwa karne nyingi. Ibn Battuta mwenyewe, miaka kumi na saba baada ya kuiona pwani yetu, alikuwa katika nchi ya Shamu mwaka 1348 wakati tauni kuu ilipokuwa ikiua watu. Aliandika kwamba katika mji wa Dameski watu walifunga saum siku tatu, kisha Waislamu, Wakristo na Wayahudi walitoka pamoja kwenda kumwomba Mungu awaondolee balaa ile. Mtu yule yule aliyeona mgeni akipokewa kwa sahani ya chakula aliona pia miji ambayo kuingia kwa msafiri kuliweza kuwa ndio mwanzo wa kifo.

Mwaka 1377 mji wa Dubrovnik, ulio ukingoni mwa Bahari ya Adria, ulitunga sheria kwamba mtu atokaye mahali penye tauni asiingie mjini mpaka amekaa kando siku thelathini. Baadaye muda huo ulizidishwa ukawa siku arobaini, na kutokana na neno la Kiitalia la arobaini ndipo tulipopata neno karantini. Sheria ile ilikuwa ya hekima, maana iliokoa roho za watu. Lakini mji wa biashara ukimzuia mgeni nje ya lango, mwenye chumba aliye ndani ya lango hukosa mpangaji.

Pwani yetu nayo haikusalimika. Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, kikitoka bara kwa njia ya Pangani, na kikaendelea kuua mpaka mwaka uliofuata. Tabibu mmoja Mwingereza, James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja wakati huo, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi yale, kikachapishwa mwaka 1876. Kipindupindu kile kiliingia mjini katika majira yale yale ya kaskazi, ambapo mabaharia na wafanya biashara wa Arabuni walikuwa wakija kwa wingi na kufikia katika mitaa kama Malindi. Habari za misiba ya namna hii aghalabu huhesabu maiti na majahazi. Kodi ya chumba haihesabiwi. Lakini mwenye chumba naye ana watoto, na miezi ya kungoja iko mbele yake. Kwa hiyo yaliyotokea Lamu mwaka 2020 hayakuwa mageni kabisa, ingawa yalikuja kwa sura mpya.

Sasa na tuitazame Lamu ya zama zetu. Majahazi ya kaskazi yalipopungua katika karne ya ishirini, mgeni mwingine alianza kuja, naye ni mtalii. Alivutiwa na njia nyembamba zisizopita motokaa, punda wabebao mizigo, milango ya nakshi, na utulivu wa kijiji cha Shela. Mwaka 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliutia Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, na sifa yake ikazidi kuenea. Nyumba kongwe zilitengenezwa upya. Baadhi yake zilikuwa mali ya jamaa za Lamu, na nyingine zilinunuliwa na watu wa nje ambao huja mara chache kwa mwaka na kupangisha siku zilizobaki.

Kisha ikaja intaneti. Kampuni iitwayo Airbnb ilianzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 2008, na nyingine za aina yake zikafanya kazi hiyo hiyo. Mtu aliye Paris au Nairobi aliweza kuiona picha ya chumba cha Lamu, kukiwekea siku tatu au siku kumi, na kukilipia kabla hajafunga sanduku lake la safari. Kijana wa mashua mwenye sahani ya chakula sasa alikuwa ni picha katika simu. Jambo moja tu lilibadilika, nalo ni kubwa: kanuni za mgeni na mwenyeji hazikutungwa tena na mji wao, bali zilitungwa na kampuni iliyo mbali.

Usidhani kwamba fedha za mgeni huishia mfukoni mwa mwenye nyumba. Mgeni ashukapo katika kiwanja cha ndege cha Manda, huvushwa kwa mashua, na nahodha hulipwa. Mchukuzi huchukua mizigo yake. Mpishi hununua samaki kwa mvuvi na maembe kwa mama wa sokoni. Dobi hufua mashuka. Mwangalizi wa nyumba, ambaye huishi humo mwaka mzima na kuijua kila ufa wa ukuta, hupata mshahara wake. Fundi wa chokaa huitwa kabla ya mvua. Kitanda kimoja kikipata mtu wa kukilalia, watu saba au wanane hupata chakula cha jioni.

Lamu ilikuwa imekwisha kuonja ukame wa wageni kabla ya Korona. Mwaka 2011 watu wenye silaha waliwateka wageni katika visiwa vya karibu, na mwaka 2014 mashambulizi ya Mpeketoni yaliua watu wengi bara. Serikali za nchi za nje ziliwaonya raia zao wasiende huko, na vitanda vikabaki vitupu. Watu wakavumilia, na baadaye wageni wakaanza kurudi. Lakini katika ukame ule, mgeni aliyeogopa Lamu alikwenda mahali pengine, na mwenye Lamu aliyekosa kazi aliweza kuitafuta Mombasa au Malindi. Mwaka 2020 hapakuwa na mahali pengine.

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona imekuwa janga la dunia nzima. Siku mbili baadaye serikali ya Kenya ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza amepatikana nchini. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa. Tarehe 27 Machi amri ya kutotoka nje usiku ilianza kutumika nchi nzima. Tarehe 8 Aprili kuingia na kutoka katika wilaya za Mombasa, Kwale na Kilifi, ambazo sasa huitwa kaunti, kulikatazwa. Lamu haikutajwa katika amri hiyo, lakini barabara itokayo Mombasa kwenda Lamu hupita Kilifi. Mlango wa jirani ulipofungwa, njia yake nayo ilifungwa. Ndege za ndani hazikurudi kuchukua abiria mpaka tarehe 15 Julai, na za nje mpaka tarehe 1 Agosti. Amri ya usiku yenyewe haikuondolewa mpaka Oktoba 2021.

Mwanzoni maradhi yalijificha katika vazi la masika. Aprili, Mei na Juni ni miezi ya mvua katika Lamu, na hata katika mwaka mwema wageni huwa wachache. Nyumba nyingi hufungwa ili zitengenezwe. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyekuwa na akiba ya miezi mitatu aliweza kujiambia kwamba huu ni ungojaji wa kawaida, na kwamba Julai itamletea wageni wake. Julai ilikuja bila wao. Hapo ndipo tofauti ilipoonekana baina ya aliyeweka akiba ya kusi na aliyekula kaskazi yote. Lakini hata yule mwenye akiba alitambua kwamba hii ni kusi isiyojulikana mwisho wake. Mwaka 2019 Kenya ilikuwa imepokea zaidi ya wageni milioni 2 kutoka nje. Mwaka 2020 hawakufika laki 6.

Na nyumba haikungoja. Ukuta wa matumbawe na chokaa huhitaji kutunzwa kila mwaka. Maji ya mvua yakipata ufa, hunyonywa na ukuta, na boriti za dari huanza kuoza. Mtu mwenye duka akikosa wanunuzi aweza kufunga mlango na kungoja. Mwenye nyumba kongwe akifunga mlango na kungoja, aweza kufungua na kukuta dari imeshuka sakafuni.

Jambo la kwanza lililoleta ugomvi lilikuwa arubuni. Wageni wengi walikuwa wamekwisha lipa fedha za miezi iliyokuwa mbele. Je, fedha zile zilikuwa za nani? Mgeni alisema, na haki alikuwa nayo, "Sikulala kitandani mwako, nirudishie mali yangu." Mwenyeji alisema, naye pia hakukosa haki, "Nilikuwekea kitanda, nikawakataa wengine, na fedha nimekwisha zitumia kwa chokaa na mishahara. Tena masharti uliyoyakubali yasema kwamba ukivunja safari nirudishe nusu tu." Wote wawili walisema kweli, na hakuna hata mmoja aliyeleta maradhi.

Kampuni ya Airbnb ilikata shauri upesi. Tarehe 14 Machi 2020 ilitangaza kwamba waliopanga safari kabla ya siku hiyo waweza kuzivunja na kurudishiwa fedha zote, hata kama masharti ya mwenyeji yalikuwa mengine. Kwa upande wa afya, uamuzi huo ulikuwa mwema, maana mtu anayeogopa kupoteza fedha zake aweza kusafiri hali ana homa. Lakini wenyeji duniani kote walilalamika kwamba hasara yote imetuliwa kichwani mwao bila kuulizwa. Tarehe 30 Machi mkuu wa kampuni, Brian Chesky, aliwaandikia wenyeji akakiri kwamba walistahili kushauriwa, na akaahidi dola milioni 250 za kuwalipa robo ya kile ambacho wangalipata kwa masharti yao wenyewe. Yaani mwenyeji ambaye masharti yake yangalimpa dola 400 alilipwa dola 100. Kampuni nayo haikupona: mwezi wa Mei iliwaachisha kazi watu kama 1,900, karibu robo ya watumishi wake wote.

Wenyeji waliopatana na wageni wao wenyewe, bila kampuni kuwa katikati, waliweza kutumia njia nyingine. Walimwomba mgeni asivunje safari bali aiahirishe: arubuni yake ikae, na kitanda chake kimngoje mpaka njia zitakapofunguliwa. Mgeni aliyekubali alimkopesha mwenyeji wake bila riba wakati hakuna mwingine wa kumkopesha. Hii ilikuwa ni kurudi kwa sheria ya zamani ya Mogadishu, ambapo mgeni na mwenyeji walikuwa na haki juu ya kila mmoja.

Njia ya pili ya kujiokoa ilikuwa kubadili mpangaji. Aliyezoea kupangisha kwa usiku alianza kupangisha kwa mwezi. Kodi ya mwezi ni ndogo mno ukiilinganisha na ya usiku, na wengi waliona haya kuipokea. Hebu tufanye hesabu ya mfano. Mtu ana vyumba 3, na katika mwaka mwema kila chumba hulaliwa siku 90 kwa shilingi 3,000. Atapata shilingi 810,000. Mwangalizi wake humlipa 12,000 kwa mwezi, yaani 144,000 kwa mwaka, na chokaa na dari humgharimu 150,000. Sasa wageni wamekatika. Akikipangisha kila chumba kwa mtumishi wa hospitali au wa serikali kwa shilingi 8,000 kwa mwezi, vyumba 3 vitampa 288,000 kwa mwaka. Ni kama theluthi moja tu ya mapato yake ya zamani. Lakini mwangalizi atalipwa, na zitabaki 144,000, ambazo karibu zatosha chokaa na dari. Yeye mwenyewe hatapata kitu cha kula kutoka katika nyumba hiyo. Lakini nyumba itasimama, na mtumishi wake atakula. Anayekataa theluthi kwa sababu si kamili ataishia kukosa yote.

Njia ya tatu ilikuwa kumtafuta mgeni wa karibu. Njia zilipofunguliwa mwezi wa Julai, watu wa Nairobi na wa miji mingine, ambao zamani hawakuitwa kwa bidii kwa kuwa mgeni wa ng'ambo alilipa zaidi, sasa ndio waliotafutwa. Bei zilishushwa, na walioweza kufanya kazi zao kwa intaneti walipangiwa mwezi mzima mahali ambapo wangaliweza kukaa siku nne. Wenye nyumba wengi walijifunza kwamba Mkenya mwenzao ni mgeni pia, tena ni mgeni asiyehitaji ndege ya bahari mbili.

Njia ya nne ilikuwa msaada wa serikali. Benki Kuu ya Kenya iliruhusu kwamba mtu ambaye mkopo wake ulikuwa ukilipwa vizuri mpaka tarehe 2 Machi 2020 aweza kupatana na benki yake kurefusha muda wa kulipa. Kodi ya bidhaa ilipunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Kutuma fedha zisizozidi shilingi 1,000 kwa simu kulifanywa bure kwa muda, na hii ilikuwa nafuu kwa jamaa waliokuwa wakisaidiana kidogo kidogo.

Lakini angalia ni nani aliyefikiwa na msaada huo. Mwenye nyumba alikuwa na mkopo wa kurefushwa. Dobi hakuwa na mkopo, kwa sababu hakuna benki iliyomjua. Mwenye nyumba wa ng'ambo alikuwa na kazi nyingine kwao. Mwangalizi wake hakuwa na kazi nyingine. Hasara ile ilishuka kama maji katika ngazi. Mgeni alirudishiwa fedha zake, akaiteremsha kwa kampuni. Kampuni ikaiteremsha kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akaiteremsha kwa mwangalizi, kwa kumpa nusu mshahara au kumwambia angoje. Mwangalizi akaacha kumwita dobi, mchukuzi na nahodha. Mtu wa ngazi ya mwisho hakuwa na wa chini yake wa kumteremshia. Maji yalisimama kwake.

Hili ndilo jibu la swali tulilouliza mwanzoni. Hasara isiyo na mkosaji hubebwa na yule asiye na mkataba. Haikuamuliwa hivyo na mtu yeyote mwovu. Kila mmoja katika ngazi ile alifanya lililo halali kwake. Lakini jumla ya mambo halali yaweza kuwa dhuluma, kama vile matone safi, kila moja peke yake, yawezavyo kuwa gharika.

Na je, watu wa ngazi ya chini waliishije? Waliishi kwa kazi zilizokuwapo kabla ya utalii. Bahari haikufungwa kama kiwanja cha ndege; nahodha mwenye chombo aliweza kurudi kuvua. Wenye shamba la jamaa waliweza kurudi kulima. Vyama vya kuwekeana akiba viliwainua wale ambao walikuwa wametia humo kila juma. Walioumia zaidi ni wale ambao walikuwa wameiacha kabisa kazi ya wazee wao, wakauza chombo au shamba, wakategemea kitanda cha mgeni peke yake. Ni kweli kwamba mvuvi hapati kwa siku kile alichokipata kwa kumtembeza mtalii. Lakini samaki hawavunji safari zao.

Mambo yalirudi polepole. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hatari ya dharura ya Korona imekwisha, na mwaka 2024 wageni waliofika Kenya kutoka nje walikuwa wamepita idadi ya 2019. Njia zikafunguka, na kawaida ya binadamu ni kusahau kiu mara anywapo maji.

Ninyi vijana msomao insha hii, huenda baadhi yenu mtakuwa wenye nyumba, au waangalizi, au watunga sheria. Basi kumbukeni mambo mawili. La kwanza ni la zamani: aishiye kwa msimu na ale kwa kipimo cha msimu, na asiuze jembe wala chombo chake kwa sababu kaskazi imekuwa nzuri. La pili ni la leo: yafaa mapatano juu ya siku mbaya yaandikwe katika siku njema, na yamtaje mwangalizi na dobi kama yanavyomtaja mgeni na mwenye nyumba. Sheria ya Mogadishu, aliyoiona Ibn Battuta, ilimlinda mgeni na mwenyeji wake. Sheria ya zama zetu ingefaa imlinde pia yule atandikaye kitanda, kwa maana naye ni mwenyeji, na methali yasema mwenyeji apone.